Rada ya leza inaniambia ubao upo, mara haupo. Mbovu ni leza au ni mimi?

Mwanga_Mwembamba (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Nina mtambo mdogo wa rada ya leza ya kupiga picha. Umenichukua miezi kuupanga juu ya meza na sasa unanitia wazimu. Naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Vifaa: leza ya faiba ya nanomita 1550, darubini ya sentimita 5 inayotuma na kupokea kupitia mlango uleule, na kioo cha kuelekeza mwale. Masafa ya leza nayafagia kwenda juu gigahezi 1 kwa mikrosekunde 50, halafu nayarudisha chini kwa mikrosekunde 50 nyingine. (Kiswahili chetu kimetupa neno moja kwa vitu viwili, kwa hiyo tukubaliane mapema: kwenye uzi huu masafa ni ya hezi, na ya mita nitayaita umbali.) Sehemu ndogo ya mwanga inabaki nyumbani, mwangwi ukirudi vinakutana juu ya detekta na kupiga mdundo. Masafa ya mdundo ndiyo yananipa umbali.

Shabaha ni ubao wa kijivu wa mita 1 kwa 1, umesimama umbali wa mita 600, nyuma yake kuna tuta la udongo. Picha ni pikseli 64 kwa 64, hatua kati ya pikseli ni mikroradiani 120, kwa hiyo pikseli kama 196 zinaangukia kwenye ubao. Kizingiti (ukali ambao mwangwi usipouvuka hauhesabiwi) nimekiweka ili kengele ya uongo, yaani kelele tupu kuvuka, ilie mara moja kwa milioni. Wastani wa ishara kwa kelele ni desibeli 10, yaani ishara ni mara 10 ya kelele.

Sasa shida yenyewe: pikseli zinazovuka kizingiti ni 50 na kitu tu. Picha inayofuata zinavuka tena 50 na kitu, lakini nyingine kabisa! Ubao haujasogea hata milimita. Nimebadili detekta, nimesafisha lenzi, nimelala nayo na kuamka nayo. Nikapandisha nguvu mara mbili, zikafika karibu nusu, na kipaza nguvu changu hakina zaidi ya hapo.

Na nikiondoa kizingiti, nikaiambia kompyuta ichukue tu kilele kirefu kuliko vyote kwa kila pikseli, inanipa umbali wa ajabu: 212, 871, 44. Ubao umekuwa kichaka cha miiba.

---

Mzee_wa_Kijiwe

Lenzi chafu hiyo. Au ubao una aibu.

---

Bi_Hesabu

Mleta uzi, mtambo wako ni mzima. Ungekuwa mbovu usingepata 50 na kitu. Chukua ile moja kwa milioni yako ya kengele ya uongo, yaani 10 kwa kipeo cha hasi 6, uipandishe kwa kipeo cha 1 gawanya kwa 11 (hiyo 11 ni 1 jumlisha uwiano wako wa 10). Utapata 0.285. Zidisha kwa 196, unapata 56. Ukiongeza nguvu mara mbili inakuwa 0.52, ndiyo "karibu nusu" yako. Kwa hiyo mtambo unafuata nadharia kwa adabu zote. Kilichokuangusha ni kutegemea kwamba ubao unaofanana kila mahali utarudisha mwanga unaofanana kila mahali.

Elekeza leza yoyote ya mkononi ukutani, utazame ile duara ya mwanga kwa makini. Si laini. Ina punje punje nyeusi na zinazong'aa, na ukisogeza kichwa punje nazo zinahama. Ukuta hauna hizo punje. Rangi ya ukuta, kwa kipimo cha mikroni, ni milima na mabonde marefu kuliko wimbi la mwanga wenyewe. Kila kipande kinarudisha wimbi dogo lenye awamu yake (hatua lilipofikia kwenye kupanda na kushuka kwake), na mawimbi yote yanajumlishwa. Sehemu nyingine yanasaidiana, nyingine yanauana. Hayo ndiyo madoadoa.

Alama ya mwale wako kwenye ubao: urefu wa wimbi gawanya kwa kipenyo cha darubini ni mikroradiani 31, na kwa mita 600 ni karibu sentimita 1.9. Ndani ya sentimita hizo kuna maelfu ya vipande, na kipokezi chako kinavijumlisha vyote kuwa namba moja. Ukali wa jumla hiyo unafuata mgawanyo wa kipeo hasi, ambao ni katili: mkengeuko wake ni sawa na wastani wake, na thamani yenye uwezekano mkubwa kuliko zote ni sifuri. Karibu pikseli moja kati ya kumi itapata chini ya sehemu ya kumi ya wastani. Ubao upo, mwanga umefika, umerudi, na umejifuta wenyewe mlangoni kwako.

Ungekuwa unaangalia kioo au bati lililonyooka, mwangwi usingeyumba hivyo, na kwa kizingiti chako ungehitaji desibeli 13.2 tu ili upate tisa kati ya kumi. Kwa ubao wa kukwaruza unahitaji 21.1. Tofauti ni karibu desibeli 8, yaani nguvu zaidi ya mara 6, na zote hizo unazilipa kwa ajili ya bahati mbaya ya awamu.

Kuhusu picha ya pili kuwa na pikseli tofauti: kioo chako kikirudi mahali pake kikakosea mikroradiani 30 tu, kila pikseli imehamia kwenye doa jingine. Hakuna kioo cha bei ya kibinadamu kisichokosea hivyo.

---

Mwanga_Mwembamba

Bi Hesabu, shikamoo. Kwa hiyo nimehangaika na lenzi bure. Sasa dawa ni ipi kama nguvu sina?

---

Bi_Hesabu

Marahaba. Acha kuamua kwa kipimo kimoja. Nguvu ileile ukiigawa kwenye vipimo kadhaa vyenye madoadoa tofauti, inakupa zaidi kuliko kuitupa yote kwenye kipimo kimoja, mradi kila kipimo kisizame kabisa kwenye kelele. Vipimo 16 visivyotegemeana vinapunguza myumbo hadi robo. Unajumlisha ukali (si mawimbi, ukijumlisha mawimbi umerudi ulikotoka), ndipo unapiga kizingiti.

Na wewe vipimo hivyo unavyo, unavitupa. Hatua yako ni mikroradiani 120, alama yako ni 31. Kati ya pikseli na pikseli kuna eneo hujaligusa. Ndani ya kila pikseli zinaingia alama nne kwa nne. Hizo ni 16, kila moja na madoadoa yake.

---

Kelele_Nyeupe

Samahanini wakuu, mimi nauliza kama mpinzani. Kwa nini kujitesa na mawimbi yanayoingiliana? Weka detekta inayohesabu fotoni, tuma mpigo mfupi, pima muda, maliza. Darubini kubwa isiyohitaji kunyooka inakusanya madoadoa mengi kwa mpigo mmoja na yanajisawazisha yenyewe.

---

Fundi_Faiba

> Kwa nini kujitesa na mawimbi yanayoingiliana?

Swali halali, na kwa kazi nyingi za umbali mtupu nakubaliana na wewe. Kuna mahali njia ya kuchanganya mawimbi inashindwa kabisa. Setilaiti ya Aeolus, iliyorushwa 2018, ilipima upepo kwa leza ya nanomita 355 bila kuchanganya na mwanga wa nyumbani, kwa sababu mwangwi wa molekuli za hewa umetapakaa sana kimasafa. Kuchanganya kunapenda vumbi, ukungu na vitu vigumu.

Lakini angalia unachopata ukichanganya. Mwanga wa nyumbani ukiwa na nguvu ya kutosha, mdundo unapazwa hadi kelele za vifaa vya elektroniki zinamezwa, na inabaki kelele ya fotoni zenyewe. Fotoni moja ya nanomita 1550 ina jouli 1.28 mara 10 kwa kipeo cha hasi 19. Kwa upana wa megahezi 1, mwangwi wa pikowati 0.13 unalingana na kelele, kama kila fotoni ingehesabiwa. Jua likiwaka nyuma ya shabaha halikusumbui, maana mwanga wa jua haujui kupiga mdundo na leza yako. Leza ya jirani nayo hivyo hivyo.

Halafu kuna Dopla, yaani mwendo wa kitu kubadili masafa ya mwangwi. Kitu kikija kwa mita 1 kwa sekunde kinasogeza mwangwi megahezi 1.29. Rada ya kawaida ya gigahezi 10 kwa mwendo uleule inapata hezi 67. Mtetemo wa milimita 1 kwa sekunde, kama bati la injini inayounguruma ikiwa imesimama, ni kilohezi 1.3. Ukikaa juu ya alama moja milisekunde chache unauona. Mhesabu fotoni hakupi hicho.

Bei yake ni uchoyo wa pembe. Mtaalamu wa leza Siegman alilionyesha hili mwaka 1966: eneo la mlango zidisha kwa pembe unayoona haliwezi kuzidi urefu wa wimbi mraba. Ukitanua darubini, jicho linakuwa finyu zaidi, huwezi kuvipata vyote viwili. Ndiyo maana madoadoa hayajisawazishi. Kipokezi chako kwa asili kinameza doa moja.

Na hewa inakata upande wa pili. Mtikisiko wa joto ukivuruga uso wa wimbi, darubini kubwa kuliko kile kipimo cha utulivu wa hewa (upana ambao ndani yake uso wa wimbi bado umenyooka) haiongezi kitu. Kipimo hicho kinakua na urefu wa wimbi kwa kipeo cha 1.2, kwa hiyo leza ya kaboni dayoksaidi ya mikroni 10.6 inavumilia mlango mkubwa mara 10 hivi kuliko 1550. Mitambo mikubwa ya zamani, kama Firepond ya Lincoln Laboratory kule Westford, Massachusetts, iliegemea kaboni dayoksaidi, na hii ni sababu mojawapo.

---

Kelele_Nyeupe

Nimekupata mkuu. Nabaki mpinzani lakini nimekaa chini.

---

Ramani_3D

Hakuna aliyegusa ile 212, 871, 44. Mimi ndiyo ugonjwa wangu, niacheni nitiririke.

Ukichukua kilele kirefu kuliko vyote, umeandaa mashindano. Gigahezi 1 ya mfagio inakupa ubora wa umbali wa sentimita 15. Ukitafuta kuanzia mita 0 hadi 1000 una vijumba vya umbali kama 6,670. Kimoja kina ubao, vilivyobaki vina kelele tupu. Kila pikseli, ubao unapigana peke yake na bingwa wa kelele aliyechujwa kati ya maelfu. Siku ambayo madoadoa yameuzima ubao, bingwa anashinda, na anaweza kutoka kijumba chochote. Ndiyo maana kosa lako si la sentimita, ni la mamia ya mita. Umbali wa namna hiyo usiutie kwenye wastani kamwe! Pikseli moja ya 871 inaharibu nyingine kumi zenye ukweli.

Nimeipiga hesabu kwa desibeli 10 zako: kwa vijumba 6,670 pikseli za kweli ni kama 43 kwa mia. Bana dirisha liwe mita 40 kuzunguka ubao, vijumba 267, zinapanda hadi 57 au 58. Bure kabisa, hujaongeza hata wati moja. Kwa uwiano mkubwa kuna kanuni ya mfukoni: logi asilia ya idadi ya vijumba, ongeza 0.58, gawanya kwa uwiano. Desibeli 20 na vijumba 267 inakuja 6 kwa mia.

Zilizobaki za uongo zinajisaliti zenyewe kwa sababu zimetawanyika. Pikseli ya ubao ina majirani wanaosema 600. Ya uongo inasema 612, jirani yake 587, mwingine 605. Chukua namba ya katikati ya majirani tisa (ya katikati, si wastani) na nusu ya kazi imeisha.

Lakini uzuri wenyewe uko kwenye umbo. Tuta lako linalala kwenda nyuma, kwa hiyo kila mstari wa picha unaopanda juu unasoma mbali zaidi kidogo. Ubao umesimama wima, kwa hiyo kuanzia mstari wa chini hadi wa juu unasoma umbali uleule. Hata ungepaka ubao rangi ya udongo, ukali ukafanana kabisa na tuta, bado kuna bamba la pikseli zinazokataa kurudi nyuma. Usiulize kila pikseli "wewe ni shabaha?" Uliza picha nzima: ipi inaelezea hizi namba vizuri zaidi, tuta peke yake, au tuta lenye mstatili wima mbele yake? Unalinganisha uwezekano wa hadithi mbili, na kwenye kila hadithi unaruhusu sehemu fulani ya pikseli ziwe za uongo. Hapo desibeli 10 inatosha na kusaza.

---

Mwanga_Mwembamba

Wakuu mmenifungua macho. Nimebana dirisha, nimeweka namba ya katikati, ubao umeanza kuonekana kama ubao. Nikapata kiburi: kioo kilikuwa kinaruka, kinasimama, kinapima. Nikakiacha kiteleze bila kusimama, radiani 3 kwa sekunde. Tuta la karibu na la mbali yote yakafifia. Na jambo la pili, gari lilikuwa linakuja kwenye njia ya majaribio, nikaelekeza mwale. Mtambo ukasema liko mita 116. Mwisho wa njia kuna ukuta, mita 110. Gari limetoka ndani ya ukuta?

---

Mzee_wa_Kijiwe

Gari la kichawi hilo. Sasa huu uzi umeanza kuwa mtamu.

---

Fundi_Faiba

La kwanza. Radiani 3 kwa sekunde, mwale unavuka alama yake ya mikroradiani 31 kwa mikrosekunde 10 hivi. Mfagio wako ni wa mikrosekunde 50. Kwa hiyo katikati ya kipimo kimoja madoadoa yamebadilika mara tano, mdundo umekatwakatwa, na kilele kilichokuwa na upana wa kilohezi 20 kimetandazwa hadi karibu 100. Kimo kimeporomoka kama desibeli 7. Ongeza na hili: mwanga kwenda mita 600 na kurudi ni mikrosekunde 4, na ndani ya hizo darubini imeshageuka mikroradiani 12. Mwangwi unarudi mlango ukiwa umeangalia pembeni kidogo, na kwa sisi wachoyo wa pembe kidogo hicho kinauma. Rudisha kusimama, au fupisha mfagio.

La pili nimelicheka kwa upendo, lilinipata na mimi. Gari lilikuwa linakuja kwa mwendo gani?

---

Mwanga_Mwembamba

Dereva anasema kama mita 12 kwa sekunde. Mtambo umesema 10.3.

---

Fundi_Faiba

Basi gari lilikuwa mita 100. Tazama: umbali wa mita 100 kwa mfagio wako ni mdundo wa megahezi 13.33. Dopla ya mita 12 kwa sekunde ni 15.48. Kitu kinachokuja, mfagio wa kupanda unatoa umbali ukiondoa Dopla: hasi 2.15. Wa kushuka unajumlisha: 28.81. Detekta yako moja haijui hasi, inaona 2.15 tu. Kompyuta ikachukua nusu ya jumla, 15.48, ikaita umbali, ambao ni mita 116. Ikachukua nusu ya tofauti, 13.33, ikaita mwendo, ambao ni 10.3. Umbali na mwendo vimebadilishana viti. Kila kitu kilichopo mita 100 kikija kwa zaidi ya 10.3 kitakufanyia hivyo.

Tiba ni kusogeza mwanga wa nyumbani kwa kisogeza masafa cha sauti, megahezi 80 wanazouza kila mahali, ili sifuri iwe mbali na pembeni. Au detekta mbili zenye tofauti ya robo ya wimbi, utaujua upande.

Na kwa kuwa umeanza kuelekeza mwale kwenye magari yenye watu: nanomita 1550 inamezwa mbele ya jicho kabla ya kufika retina, hiyo haina maana nguvu yoyote ni salama. Piga hesabu ya kiwango chako kwanza.

---

Mwanga_Mwembamba

Nimelipokea hilo la macho, na gari nimelisimamisha hadi nipate kisogeza masafa.

Mrejesho wa ubao. Kioo kinaruka na kusimama, alama nne kwa nne ndani ya kila pikseli, nimejumlisha ukali wa zote 16, dirisha mita 40. Picha moja sasa ni sekunde 6 na nusu badala ya 0.4, sina haraka. Pikseli za katikati ya ubao zimevuka zote, picha tano mfululizo. Za pembezoni zinasuasua, nusu ziko kwenye ubao nusu kwenye tuta, sawa.

Ila kona ya chini kushoto pikseli tatu zilikuwa zinasema mita 598, kila picha. Nikasema haya, kelele zimepata tabia ya kurudia. Nimetembea hadi kule. Kuna kishungi cha nyasi, mita mbili mbele ya ubao, kimo cha goti.

---

Ramani_3D

Usikikate. Upepo ukivuma nipigie picha ya Dopla ya hicho kishungi.